Kijivu Kilichomo Chini ya Uso wa Baba

Shangazi alisimama mlangoni mwa chumba changu cha kazi Namuwongo, hapa Kampala, mkoba wake wa safari ungali begani, akaitazama kanvasi iliyokuwa kwenye kiegemezo, kisha akavuta ncha ya leso yake akajifunika mdomo. Alikuwa ameondoka Tororo alfajiri kwa basi, nami nilikuwa nimemwahidi kwamba akifika ataiona picha ya kaka yake. Hakuketi. Alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba chumbani mna mgonjwa aliyelala:

"Mwanangu, mbona umemchora siku ile tuliyomfunua uso?"

Nilijibu haraka kwamba picha haijaisha, kwamba hii ni hatua ya kijivu tu, na kwamba rangi yenyewe ingekuja juu yake. Alinisikiliza kwa heshima, akanywa chai, akaniuliza habari za watoto. Alipoinuka kwenda kwa bintiye kule Banda, alipita mbali na kanvasi, akasema neno moja ambalo limenikaa kichwani tangu mwanzo wa mwezi wa tatu.

"Amepauka."

## Picha moja tu

Picha pekee ya Baba tuliyo nayo ni ile ndogo ya kitambulisho cha kazi, nyeusi na nyeupe, iliyokunjika pembe moja. Shangazi ana nakala yake sebuleni, na kwa miaka yote hiyo hajawahi kuiogopa. Hilo ndilo lililonisumbua kwanza. Kama kijivu cha picha ile hakimuui Baba, kwa nini changu kimuue?

Baba alifanya kazi katika kiwanda cha saruji. Jioni alirudi akiwa na vumbi kwenye nyusi na katika mikunjo ya shingo, akaoga nyuma ya nyumba, kisha akaketi kwenye kigoda mlangoni akijipaka mafuta ya mgando kuanzia viwiko hadi paji la uso. Rangi yake ninayoikumbuka ni ya dakika zile: kahawia iliyoiva, wekundu fulani ukiwa ndani yake chini ya mashavu, na buluu ya anga ikiteleza juu ya paji. Nilitaka kuchora dakika zile, si picha ya kitambulisho.

Siku kadhaa baadaye niliziweka picha mbili sambamba, ile ndogo na yangu. Katika ile ya kitambulisho uso wa Baba ni mweusi kuliko ukuta ulioko nyuma yake, na jicho letu husoma weusi ule kama ngozi. Katika yangu uso ulikuwa umeng'aa kwa hatua mbili au tatu zaidi ya ngozi yake halisi, tena kwa ukubwa wa kichwa cha mtu mzima. Shangazi hakukosea hata kidogo. Aliona ngozi nyeusi iliyonyimwa rangi na mafuta, na Kiswahili kina neno lake.

## Jaribio la Desemba

Nilikuwa na sababu ya kung'arisha hivyo, na sababu yenyewe ni kanvasi nyingine iliyogeuzwa uso ukutani mwa chumba hichohicho.

Desemba nilianza kwa njia niliyoiona kuwa ya haki kuliko zote: mtu mweusi apewe msingi mweusi. Nilichanganya nyeusi ya mifupa iliyochomwa na amba, ile rangi ya udongo wa kahawia, nikaujenga uso kwa weusi uleule niliokuwa nikiulenga mwishoni, nikangoja ukauke, kisha nikapitisha juu yake tabaka angavu, yaani jembamba linalopitisha nuru, la siena iliyochomwa, udongo wa kahawia yenye wekundu, ili kuleta joto la ngozi. Shavu likazama. Nikaongeza tabaka la pili, likazama zaidi. Kufikia usiku wa tatu uso wa Baba ulikuwa shimo lenye macho mawili.

Nuru inayoingia katika tabaka angavu hupita ndani yake, hugonga kilichoko chini, kisha hurudi kwa njia ileile hadi kwenye jicho la mtazamaji. Hupita mara mbili, na kila inapopita rangi hujichukulia fungu lake. Chini pakiwa peupe, kinachorudi ni nuru iliyotiwa rangi, kama jua linavyopita katika glasi ya chai ya rangi. Chini pakiwa peusi, nuru hufika na kufia humo. Tabaka angavu haliwezi kamwe kung'arisha kilichoko chini yake. Kazi yake ni kutia rangi na kutia giza. Ndiyo maana msingi sharti uwe mweupe kuliko mwisho unaokusudiwa.

Kanuni hii nimeijua kwa miaka mingi, na nimeirudia mbele ya wanafunzi wangu wa Jumamosi mara nisizoweza kuzihesabu. Lakini nilijifunza kwa mifano ya nyuso za Kizungu, ambazo kijivu chake cha chini hakiachani sana na weupe wa juu. Sikuwahi kujiuliza kanuni hiyo ikifika kwenye ngozi ya Baba itadai nini.

Ilidai nimfanye mweupe kwanza.

## "Umemchubua mzee"

Kijana mmoja ninayepangisha naye chumba, mchongaji hodari, alisema jambo hilo kwa maneno makali zaidi. Alitazama msingi wangu wa pili, ule wa kijivu uliomtisha Shangazi, akasema, "Umemchubua mzee." Aliondoka kwenda kununua gundi, akaniachia neno hilo.

Sikuweza kushika brashi wiki ile. Katika mji ambamo makopo ya mkorogo hupangwa dukani karibu na sabuni, neno hilo si dogo. Nilijiuliza kama nilikuwa nimerithi mbinu iliyotungwa kwa ajili ya ngozi isiyokuwa yetu, na kama uaminifu haungekuwa kuiacha kabisa na kuchora moja kwa moja kwa rangi nzito, kahawia dhidi ya kahawia, bila kupitia weupe wowote.

Njia hiyo ipo, na ina heshima yake. Sam Ntiro, Mchaga aliyesoma kisha akafundisha Makerere, katika shule ya sanaa iliyoanzishwa na Margaret Trowell mwaka 1937, alichora watu wa Kilimanjaro kwa rangi bapa zilizojitosheleza, wala picha zake hazipungukiwi na uhai. Huko Marekani, Kerry James Marshall huchora ngozi kwa weusi mtupu, akitumia nyeusi za aina tatu, ya mifupa, ya kaboni na ya oksidi ya chuma, na kuzitofautisha kwa ubaridi na joto lake hadi weusi unakuwa na ramani yake ndani. Nazistahi kazi hizo. Weusi wa Marshall umesimama mbele ya mtazamaji na hauombi nuru kutoka kokote.

Hata hivyo mimi sikuwa na hoja ya kutoa juu ya weusi. Nilikuwa na mtu mmoja, kwenye kigoda, saa kumi na mbili jioni, na nilichokikumbuka kwake ni nuru iliyokuwa ikitoka ndani ya ngozi. Rangi nzito hurudisha nuru kutoka juu ya uso wake, basi. Nuru ya ndani hupatikana kwa kuiruhusu iingie kwanza.

Nikarudia pia jambo ambalo wachoraji wa Uholanzi wa karne ya 17 walilijua vyema, kwani tabaka hili la chini wao waliliita rangi mfu. Nao walikuwa wakichora jamaa zao wenye nywele za manjano na mashavu mekundu, na bado katika hatua hii waliwaona wafu. Hapo moyo wangu ulitulia kidogo. Kijivu humpausha kila mtu. Tofauti ni kwamba kwa ngozi ya Baba safari ya kurudi ni ndefu zaidi, na anayechungulia katikati ya safari huumia zaidi.

## Habari ya mafuta

Kabla ya kurudi kwenye uso wa Baba lazima niseme habari ya mafuta, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu Kampala tunapoharibikiwa.

Rangi ya mafuta haikauki kama nguo kwenye kamba. Mafuta ya kitani huvuta oksijeni kutoka hewani, chembe zake zikashikana, na yaliyokuwa maji yakawa utando. Tapentaini huruka hewani, mafuta hubaki na kugeuka. Si kila mafuta yana tabia hiyo. Ya mawese na ya zeituni hayakauki, hata ukiyangoja mwaka mzima. Ya alizeti hukauka nusu nusu, nayo ndiyo yaliyonifundisha. Miaka iliyopita, chupa yangu ya kitani ilipoisha na pesa zikawa hazipo, nilichanganya rangi na mafuta ya alizeti ya kupikia, nikafunika nayo mandhari nzima ya kinamasi. Miezi miwili baadaye picha ilikuwa ingali ikinata kidoleni. Novemba ikaja na senene wake, taa ikiwaka, na asubuhi nikawakuta watatu wamegandamana na anga la picha, mmoja angali akitikisa mguu wake wa nyuma. Nilipowatoa walikwenda na rangi.

Sasa ninatumia vichanganyio viwili tu. Cha kwanza ni mafuta mazito ya kitani, yale yaliyopashwa moto mkali pasipo hewa hadi yakawa kama asali, niliyoyapunguza kwa tapentaini halisi. Mafuta haya hujisawazisha yenyewe, alama za brashi zikalala, na hayageuki manjano upesi kama yale ya kawaida. Cha pili ni kichanganyio cha alkidi, utomvu wa kutengenezwa kiwandani, ambacho hukausha tabaka jembamba kwa siku moja hivi. Nakitumia mvua zinapokazana na siwezi kungoja. Tapentaini ya kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi mara nyingi ni kitu kingine chenye jina hilohilo, na "thina" ya kupunguzia rangi za magari hula hata tabaka lililokwisha kukauka. Na matambara yenye mafuta ya kitani msiyafinyange na kuyatupa kwenye pipa: yanapovuta oksijeni hupata joto, na yakirundikana huweza kuwaka yenyewe. Yangu nayatandaza uani, au nayaloweka majini.

Kanuni ya kupanga matabaka ni konda chini, nono juu. Tabaka la chini lipate mafuta machache na likauke mapema. Kila linalofuata lizidishiwe mafuta kidogo. Ukipindua, tabaka gumu likaketi juu ya laini linaloendelea kusogea, picha hupasuka. Kwa hiyo msingi wa pili wa Baba, ule wa kijivu, niliujenga kwa nyeupe ya titani na amba mbichi peke yake, nikaiacha ile nyeusi ya mifupa ambayo hukauka kwa kuvuta miguu. Amba ina manganizi ndani yake, na manganizi huharakisha kukauka.

Rangi ya wekundu nayo ilinipa kazi ya kufikiri. Mkono wangu umezoea alizarini, ambayo ni nzuri kama divai, lakini ikitandazwa nyembamba hufifia kwa mwanga. Joshua Reynolds, mchoraji mkubwa wa Uingereza katika karne ya 18, alipenda karmini kwa mashavu ya watu wake. Wekundu ule ulitoroka, na baadhi ya nyuso alizozichora zikapauka yeye mwenyewe akiwa hai. Niliposoma tena habari hiyo, nikiwa na neno la Shangazi masikioni, niliiweka alizarini pembeni nikachukua kwinakridoni, rangi nyekundu ya kisasa ambayo hustahimili mwanga.

## Shavu la kushoto

Katikati ya Aprili kijivu kilikuwa kimekauka vya kutosha: ukucha ulipokigusa haukuacha alama. Mvua ilikuwa ikipiga mabati. Nilichagua shavu la kushoto kwa kuwa ndilo lililo mbali na dirisha, nikijua nikikosea litafutika bila hasara kubwa.

Nilichukua siena iliyochomwa ya ukubwa wa punje ya harage, wekundu kidogo sana, na tone la kichanganyio. Kwenye kibao mchanganyiko ulionekana mweusi; nilipouvuta kwa kisu ukafunguka rangi ya chungu kipya. Brashi ya kwanza haikushika. Rangi ilijikusanya matone matone, kama maji kwenye jani la mgomba, kwa sababu tabaka la chini lilikuwa na uso wa utelezi mno. Wachoraji wa zamani waliochora juu ya bamba za shaba walizisugua kwanza kwa kitunguu saumu ili rangi ishike; mimi nilisugua shavu taratibu kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, nikalifuta hadi ukabaki unyevu tu, nikaanza upya.

Ikashika.

Kisha nikaweka brashi chini, nikatumia kiganja. Watu hudhani ustadi wa tabaka angavu uko katika kupaka, ilhali sehemu kubwa iko katika kuondoa: unagonga kwa nyama ya kiganja, unainua, unagonga tena, na kila unapoinua mkono unaondoka na rangi kidogo hadi inabaki kama pumzi kwenye kioo. Mwaka 2010 wanasayansi wa Ufaransa walipopima uso wa Mona Lisa kwa mionzi ya eksirei pale Louvre, jumba la makumbusho la Paris, walikuta matabaka ya mchoraji wake, Leonardo da Vinci, yenye unene wa maikromita chache kila moja, yote pamoja yakifika kama maikromita 30 hadi 40. Hiyo ni takriban nusu ya unene wa unywele mmoja. Sina mkono wa namna hiyo, lakini nilipokuwa nikigonga shavu la Baba nilielewa kwa nini mtu angetumia miaka.

Nilirudi nyuma hatua tano. Shavu la kulia lilikuwa bado la maiti. La kushoto lilikuwa na joto.

Si lote. Lilikuwa la mtu mwekundu mno, mtu ambaye si Baba. Tabaka la pili, siku nne baadaye, lilikuwa la buluu ya altramarini na amba iliyochomwa, jembamba zaidi, nalo likaushusha wekundu ule ndani bila kuuzima. La tatu lilipita shingoni na chini ya taya tu. Kila mara kijivu cha chini kilikuwa kikiwaka kupitia rangi, na kila mara uso ulizidi kuwa mweusi na kuzidi kuwa hai, mambo mawili ambayo Desemba niliyaona kuwa hayawezi kukaa pamoja.

## Buluu ya paji

Paji la uso lilikataa. Matabaka yote yalikuwa yamekaa vizuri, lakini paji lilikuwa kama la mtu aliyeketi ndani ya nyumba iliyofungwa. Nilipoteza karibu wiki mbili hapo, nikiongeza na kufuta, nikishuku msingi wangu, nikiwaza hata kuanza kanvasi ya tatu.

Jibu lilikuja asubuhi moja nilipomtazama fundi pikipiki jirani akiinama juu ya injini yake. Jua lilikuwa nyuma ya wingu. Sehemu iliyong'aa kwenye paji lake haikuwa kahawia yenye mwanga zaidi. Ilikuwa anga lenyewe, kijivu chenye buluu, limelala juu ya ngozi kama linavyolala juu ya maji. Ngozi nyeusi humeza sehemu kubwa ya nuru inayoingia, kwa hiyo ile inayoruka juu yake, isiyoingia kabisa, huonekana wazi zaidi kuliko kwenye ngozi nyeupe. Mng'ao huo hauko chini ya rangi. Nilikuwa nikiutafuta kwenye msingi, wakati makao yake ni juu ya kila kitu.

Basi nikafanya kinyume cha yote niliyoyaeleza. Juu ya matabaka angavu yaliyokauka nilisugua kwa brashi karibu kavu ukungu wa nyeupe na buluu kidogo, mwembamba hadi ulikuwa ukionekana na kutoweka. Rangi nyeupe iliyotandazwa nyembamba juu ya giza hugeuka baridi, kama moshi wa kuni unavyokuwa wa buluu mbele ya msitu. Nilipita mara tatu: paji, mfupa wa shavu, ncha ya pua.

Nikaketi kwenye ndoo ya rangi iliyopinduliwa, na sikufanya kazi tena siku ile.

## Ukutani Tororo

Shangazi alirudi Juni. Sikumwambia lolote mlangoni. Safari hii alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kanvasi, akainama, karibu sana kuliko wanavyosimama watu katika maonyesho, hadi nikaogopa kwamba leso yake ingegusa rangi. Alinyamaza kwa muda mrefu.

"Amejipaka mafuta," alisema.

Kisha akataka kuichukua siku hiyohiyo. Ilinibidi nimweleze kwamba rangi inayoonekana kavu bado inaendelea kukauka ndani, kwamba vanishi haipakwi kabla ya miezi sita au zaidi, na kwamba hiyo ingekuwa Desemba. Alikubali kwa shida. Nikamuuliza ataitundika wapi, akasema sebuleni, mahali pa ile picha ndogo. Ninaijua sebule ile. Ina dirisha moja, na nusu yake imezibwa na kabati la vyombo. Mafuta ya kitani yakiwekwa gizani hugeuka manjano, na yakirudishwa penye mwanga hujisafisha tena taratibu. Nilimwambia kwamba Baba atahitaji mwanga wa dirisha, ila si jua kali linalompiga usoni.

Wiki iliyopita alinipigia simu. Kabati limehamishiwa chumba cha nyuma na vijana wawili wa jirani. Ukutani pamebaki umbo lake, safi kuliko ukuta mwingine, na amemkataza kila mtu kupapaka rangi mpaka Baba afike.